Nukta Elfu Kumi na Mia Nane

Mwezi uliopita nilishuka kwenye treni ya umeme pale Kilosa, nikapanda bodaboda hadi nyumbani kwa marehemu Bwana Athumani, mpiga picha aliyeniajiri mwaka nilipotoka chuo kikuu. Mazishi sikuyawahi, alikuwa amezikwa jana yake alasiri. Nilikuta turubai, mikeka, masufuria makubwa ya wali, na juu ya lango bango lenye sura yake, upana wa mlango mzima. Sura yenyewe ilikuwa imevunjikavunjika kuwa miraba. Pua ilikuwa ngazi, na jicho la kushoto lilikuwa miraba minne ya kahawia. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi alimwambia mwenzake kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufika mbali, "Athumani wamemgeuza ukuta wa bafu la hoteli." Kijana wa familia aliyetengeneza bango alisikia, akanigeukia mimi kwa kuwa nilikuwa karibu. "Lakini anti, kwenye simu alikuwa safi kabisa." Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo ya miaka zaidi ya ishirini tayari ulimini, lakini msibani si mahali pake, nikaenda kuketi kwenye mkeka wa wanawake. Badala ya kumlilia marehemu nikajikuta nahesabu miraba ya paji la uso wake, na hesabu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye mwaka ninaotaka kuusimulia.

Kwa nini nilikwenda kuishi Kilosa na si kwingine ni habari ya ukoo, na sitaichosha nayo karatasi. Inatosha kusema kwamba kaka zetu waliotutangulia chuoni walipata barua za kupangiwa kazi kabla hata majoho hayajarudishwa, na sisi tulipofika zamu yetu tukaambiwa kwamba soko sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Nilikuwa na shahada ya jiografia na viatu jozi moja. Soko huria lilikuwa pia limeleta makontena ya vitu vilivyotumika, na mitumba haikuwa nguo peke yake: Bwana Athumani alikuwa amenunua Dar es Salaam kompyuta, skana na printa ndogo, zote za mkono wa pili, akazisafirisha zikiwa zimefungwa kwenye magodoro. Alipotafuta mtu wa kuzitumia, mtu fulani akamtajia jina langu.

"Chuo kikuu, kompyuta mlifundishwa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, kwa ujumla."

Ukweli ni kwamba kitivo chetu kilikuwa na chumba kimoja cha kompyuta, nami nilikiingia mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nimetumwa kumwita mhadhiri. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Njaa ilikuwapo, siwezi kuikana, lakini haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na matarajio usoni mwa yule mzee, matarajio kwamba mtu aliyesoma hawezi kutojua kitu kilichoandikwa kwa Kiingereza, nami sikuwa na ujasiri wa kumvunjia. Alinipeleka chumba cha ndani, kilichokuwa chumba chake cha giza cha kusafishia filamu. Taa nyekundu ilikuwa bado inaning'inia, trei za dawa zimeegemezwa ukutani, na harufu kali ya dawa hizo ilikuwa imeshaingia kwenye mbao, haitoki. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya zamani ya kukaushia picha, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio za wakati ule zilivyofunikwa. Mke wake ndiye aliyekifuma, na hakuna aliyeruhusiwa kukitupa kitini; kilikunjwa asubuhi, kikarudishwa jioni.

Ukuta kati yangu na wateja ulikuwa ubao mwembamba, kwa hiyo mazungumzo yote ya benchi la nje yaliingia kwangu bure. Siku za mwanzo hapakuwa na habari nyingine zaidi ya ile mashine. "Kumbe inameza sura ya mtu," alisema mmoja. "Haimezi, inanakili," akajibu wa pili, kwa uhakika wa mtu aliyefika Morogoro. "Inanakili mpaka umri?" "Umri wako hauhitaji kompyuta, bwana, unaonekana kutoka stesheni." Saa saba tulikula pamoja, Bwana Athumani na mimi, wali na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, juu ya meza ileile, yeye akiwa ametandika gazeti kuikinga skana. Wakati wa chakula ndipo alipopenda kuniuliza maswali ya kompyuta, na ndipo nilipopenda kutafuna polepole.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Printa yetu ilikuwa ya herufi nyeusi tu; kazi za rangi na za ukubwa zilichapwa Mikumi, kwa fundi aitwaye Masanja, aliyehudumia nyumba za wageni za barabara kuu. Kila Alhamisi nilipanda basi linalopita kijiji cha Ulaya, nimebeba diski moja kwenye mfuko wa nailoni, maana vumbi liliua diski kuliko kitu kingine. Diski moja ilipaswa kubeba kazi zote za wiki. Kwa sababu hiyo Bwana Athumani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu juu ya mfuniko wa skana: 75. Aliyemuuzia mashine alimwambia kwamba ukichagua namba hiyo mafaili yanakuwa mepesi, na skrini haitaona tofauti. Kazi zetu zilikuwa kadi za michango ya harusi, pete mbili na ua la waridi pembeni, na pete zikichakaa kidogo hakuna anayerudisha kadi. Picha za watu tulizipiga bado kwa kamera na filamu. Namba ile ilikaa pale kama sheria, na mimi, niliyejifanya najua, niliitii bila kuuliza sabini na tano ya nini.

Mama Zuhura alifika Jumatatu moja asubuhi kutoka Kidete, na treni ya abiria. Alikuwa bado katika eda, kwa hiyo alifuatana na shemeji yake, aliyebaki nje. Mumewe alikuwa wa gangi ya kutengeneza njia ya reli, amefariki wiki tatu kabla.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiye huyo," Bwana Athumani akadakia. "Wametuletea chuo kikuu kizima."

Akatoa kitambulisho cha kazi cha marehemu. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, upana wa vidole viwili, na mwanamume ndani yake alitazama kamera kama anayetazama injini inayokuja. Mama Zuhura alieleza haja yake taratibu, na naikumbuka kwa maneno yake. "Nina mama mkwe. Macho yake yana ukungu. Kitambulisho hiki nikimpa anakipapasa kama kipande cha sabuni, ananirudishia. Anasema anataka kumwona mwanawe. Nifanyieni awe mkubwa, kama kalenda ya ukutani. Na mnifanyie sasa hivi, kwa sababu leo nakirudisha ofisini pamoja na karatasi zake, na kikitoka mkononi hakirudi. Picha nyingine hana. Alikuwa akiona kamera anakumbuka reli inayotaka kukaguliwa."

Nikakilaza kitambulisho kwenye kioo, nikafunga mfuniko wenye sheria yake nyekundu. Mwanga ulipita kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha marehemu akatokea kwenye skrini, ukubwa uleule wa kwenye kitambulisho, kovu lake dogo chini ya jicho likionekana waziwazi. Mama Zuhura aliinama, akasema neno moja tu: "Ndiye." Bwana Athumani akapiga meza kwa kiganja. Mimi nilihisi fahari ambayo leo naikumbuka kwa aibu, fahari ya mtu aliyepongezwa kwa mtihani ambao hakuufanya. Mama akachukua kitambulisho, akaenda nacho ofisini.

Alhamisi nilimkuta Masanja chumbani kwake Mikumi, nyuma ya nyumba ya wageni, chumba ambacho ukikinyooshea mikono unagusa kuta zote mbili. Familia yake ilikuwa imeshuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Yeye alikataa ng'ombe akafuata mashine, na kila mteja alisimuliwa jambo hilo. Alikuwa anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai ya rangi. Akaingiza diski, akafungua faili, akaacha kutafuna.

"Dada, picha iko wapi?"

"Si hiyo?"

"Hii? Hii ni ya kubandika kwenye ukucha."

Nilimwambia achape tu, ukubwa wa kalenda, kwenye karatasi mbili kubwa za kuunganisha. Aliniangalia, akachapa. Printa ilikuwa ikisukuma karatasi kidogo kidogo, na kwa muda mrefu sikuelewa ninachokitazama: mistari ya miraba ya kijivu, kila mraba ukubwa wa punje ya mtama. Nilisubiri uso uanze. Karatasi ikaisha kabla uso haujaanza. Nikasema labda wino ni mbaya. Masanja hakucheka, na hilo lilinitisha kuliko kama angecheka.

"Chuoni walikwambia pikseli ni nini?"

Nilikaa juu ya boksi la karatasi. "Hawakuniambia," nikasema. "Kompyuta sijafundishwa."

Ni ajabu jinsi sentensi ile ilivyofungua mlango. Kwa miezi mitano sikuwa nimeuliza swali hata moja, kwa kuwa mjuzi haulizi; mchana ule niliuliza yote kwa mpigo, nikasahau hata kuona haya. Masanja alinionyesha kwamba picha ndani ya mashine si sura, ni nukta zilizopangwa safu kwa safu, na idadi yake inaamuliwa mara moja tu, pale mwanga wa skana unapopita. Sabini na tano ilimaanisha nukta sabini na tano katika kila inchi ya kitambulisho. Picha ile ndogo ilikuwa imetoa nukta tisini kwa upana na mia na ishirini kwa urefu. Skrini ya wakati ule nayo ilikuwa na nukta kama sabini na kitu katika inchi, kwa hiyo kila nukta ya picha ilipata kiti chake, na sote watatu tukamwona mtu mzima. Lakini karatasi inayoshikwa mkononi inataka nukta mia tatu katika kila inchi ndipo jicho lidanganyike. Tukaijaribu. Akaichapa sura ileile kwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ikatoka kali kama sindano. Akaichapa ukubwa wa kiberiti, kingo zikaanza kuwa na meno. Ukubwa wa kadi ya posta, marehemu akaanza kuondoka. Nilizipanga karatasi hizo mapajani, na nakiri kwamba kwa robo saa nilikuwa na furaha tupu ya kuelewa jambo.

"Na kama ningechagua mia sita?"

Akapiga hesabu nyuma ya ratiba ya mabasi. "Hii haina rangi. Ingekaa nusu ya diski. Nusu nyingine ungemweka na mke wake."

Kwa hiyo hata ile sababu ya diski haikunitetea. Nami nikapiga hesabu yangu, tisini mara mia na ishirini: elfu kumi na mia nane. Kama kitambulisho hakipatikani, basi hizo ndizo nukta zote za uso wa mtu yule zilizobaki duniani, na mimi ndiye niliyezihesabu kwa ubahili.

Masanja alinionea huruma. Alikuwa na programu ya kulainisha, inayojaza nafasi kati ya nukta na nukta, na baada ya saa nzima akatoa picha ya pili, ukubwa uleule, yenye mwanamume mwenye ngozi nyororo na macho mapole. Ilikuwa picha nzuri. Kovu halikuwapo. Nilimuuliza mashine imejuaje macho yalivyokuwa. "Haijui," akasema. "Inakisia kutokana na jirani." Siku hizi simu zetu zina vifaa vya kufanya hivyo kwa kugusa mara moja, na kila ninapoona wanavyorudishia wafu nyusi na meno nalikumbuka jibu lile.

Niliporudi Kilosa nilimkuta Bwana Athumani anakunjua kitambaa cha kufunikia kompyuta. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama: kwamba picha imeharibika, kwamba namba ilikuwa ndogo mno, na kwamba mimi kompyuta sikuijua tangu siku ya kwanza. Alitandaza kitambaa juu ya kompyuta, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mimi nilidhani wewe unajua," alisema mwishowe. "Siku ile nilitaka kukuuliza, mbona hujabadilisha namba kwa picha ya mtu? Nikasema, nani mimi nimsahihishe mtu wa chuo kikuu. Miaka thelathini nimekuza picha kwenye chumba hiki. Najua negativu ndogo haitoi picha kubwa. Nikanyamaza."

Tulitazamana, watu wawili wazima waliostahiana mpaka wakaharibu kazi. Kesho yake asubuhi akavaa kofia yake, tukaenda pamoja ofisi ya reli. Karani alitupokea vizuri, akafungua daftari la kupokelea nyaraka: kitambulisho kilikuwa kimetobolewa picha katikati, kama kanuni ilivyotaka, na kimesafirishwa na jalada. Tulirudi, Bwana Athumani akasimama mlangoni. "Kidete utakwenda wewe," akasema. "Nami ningekwenda, lakini ukienda na mimi nitaanza kukutetea."

Nilikwenda Jumamosi, na treni ya asubuhi, nikiwa na picha zote mbili ndani ya bomba la karatasi. Nilikuwa nimeshapanga: nitatoa ile nyororo, na ile ya miraba itabaki ndani. Nyumba yao ilikuwa upande wa mto Mkondoa, sebule ndefu yenye mlango kila mwisho. Bibi, mama wa marehemu, alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba upande wa uani, mikono mapajani, ameelekeza uso mlangoni kama watu wasioona vizuri wanavyofuata mwanga. Nilimwamkia, akaitikia, akaongeza kwa Kisagara maneno ambayo sikuyaelewa. "Anauliza kama umekuja naye," Mama Zuhura akanitafsiria.

Nikafungua ile nyororo. Mama Zuhura aliishika kwa ncha mbili, akaitazama kwa muda.

"Huyu nani?"

Nilijishughulisha na bomba la karatasi.

"Ni mzuri. Akija kuposa watamkubali. Lakini huyu nani, mwanangu?"

Hapo mpango wangu ukaishia. Nikatoa ile nyingine, nikaibandika kwa gundi ukutani upande wa barazani, kwa kuwa karatasi zake mbili zilikuwa hazijaunganishwa. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa. Akapitisha kidole kutoka mraba hadi mraba. Nikamweleza kosa langu lote, nukta na inchi, nikijikwaa. Nikamwambia pia kwamba nilisema najua ilhali sijui. Alinikatiza.

"Ngoja. Mbegu zilikuwa hizohizo chache, nawe ukazipanda shamba kubwa."

"Ndiyo, mama."

"Umezipanda mbali mbali mno. Sasa naona udongo, simwoni mume wangu." Hakupandisha sauti. "Na kile kitambulisho?"

"Tumekifuata. Kimetobolewa."

Akashusha mkono. Nilimsikia akivuta pumzi, na nadhani alikuwa anatafuta neno la kunipa ambalo lingestahili, ndipo Bibi aliposema nyuma yetu, bila kuinua sauti, kana kwamba mwanawe ameingia kutoka shambani, "Ramadhani."

Tuligeuka. Alikuwa amenyanyua kidevu, macho yake yenye ukungu yameelekea ukutani, juu ya mabega yetu. Akaendelea kwa Kisagara, kirefu, kwa sauti ya kukaripia. Mama Zuhura alisikiliza mdomo wazi. "Anamuuliza kwa nini amekonda," akasema. Kisha akaenda upande ule wa kitanda, akaketi kando ya mkwewe, akatazama alikokuwa anatazama. Akafumba macho nusu. Nami nikamfuata, nikatazama. Kutoka pale miraba haikuwapo. Alikuwa mtu, na kovu lake, na ule mtazamo wa kuingojea injini. Masanja hakuniambia hili, kwa kuwa chumbani kwake hapakuwa na pa kurudi nyuma: nukta ngapi zinatosha ni swali lisilo na jibu mpaka ujue mtazamaji amesimama wapi, na ana macho ya namna gani. Macho ya Bibi yalikuwa yanafanya kwa hisani kazi ambayo programu ya Mikumi ilishindwa. Yaliunganisha bila kukisia, kwa sababu yalimfahamu.

Mama Zuhura hakusema kwamba amenisamehe, na katika miaka yote baadaye hakuwahi kulisema. Alisimama, akaanza kutembea kuelekea ukutani hatua kwa hatua, macho yake kwenye picha. Kwenye hatua ya sita akasita, akarudi moja. Akavuta kigoda kutoka jikoni, akakiweka hapo hasa, katikati ya sebule ambapo kila apitaye angelazimika kukizunguka, akaketi na ungo wa mchele mapajani na kuanza kuchambua.

"Chakula kiko tayari," aliniambia bila kugeuka. "Kaa ule."

Nilichukua sahani yangu, nikaenda kula nikiegemea ukuta wa pembeni, nisimzibie picha.